Gari la Betri la Mtoto Likikataa Kwenda



Zamani watoto wetu walivuta magari ya makopo. Siku hizi utaona gari kubwa la plastiki. Mtoto huketi ndani, hukanyaga, na gari huenda kwa nguvu ya betri. Mjomba wa Dar es Salaam huleta gari hilo wakati wa sikukuu. Baada ya miezi michache limekufa. Mtoto analia, na baba anatafuta bisibisi.

Ngoja kwanza, baba. Betri hiyo si kama betri za tochi. Ni ndugu mdogo wa betri ya lori. Ndani yake mna risasi na maji makali. Mtoto akae mbali wakati unaitazama.

Mara nyingi gari halina ubovu. Betri ina njaa tu. Tazama imeandikwa volti ngapi, 6 au 12. Ichaji kwa chaja iliyokuja na gari, kwa saa zilizoandikwa. Usiunge betri ya volti 6 kwenye sola ya volti 12. Itapata moto, itavimba, na inaweza kupasuka. Chaji mahali penye hewa, si uvunguni mwa kitanda. Tena mtoto asipande gari linapochajiwa.

Kama chaja ni nzima na gari bado halitaki, fungua utazame vichwa vya betri. Sisi wa Pangani tuna adui mmoja, nayo ni chumvi ya bahari. Vichwa huota unga mweupe au wa kijani, na umeme haupiti. Vaa mfuko wa plastiki mkononi. Ondoa waya, futa unga kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, kisha kaza waya. Kitambaa hicho kitupe. Nawa mikono kwa sabuni.

Tazama pia fyuzi. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya kipimo kile kile. Usiweke kipande cha waya badala yake. Fyuzi hukatika ili gari lisiungue. Ukiweka waya, gari litaungua, na mtoto yumo ndani.

Umefanya yote na gari haliendi? Basi huenda betri imekufa kabisa. Hapa ndipo penye hatari kubwa.

Kutoka Kipumbwi hadi Bweni, wavuvi wanahitaji risasi ya kuzamishia nyavu. Mtu akiona betri imekufa hushawishika kuivunja na kuyeyusha risasi yake kwa moto wa mkaa, pale pale uani. Usifanye hivyo! Moshi na vumbi la risasi huingia mwilini, hukaa kwenye udongo, na kuku na watoto hupekua udongo huo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, tumbo humuuma, damu hupungua. Ubongo ulioharibika hivyo haurudi kama zamani.

Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya nyumba zao tangu mwaka 2007 hadi 2014. Risasi iliwaingia wakubwa na watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi iliendelea kwa rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha hukumu hiyo. Na wengi wao hawakuyeyusha wenyewe. Waliishi karibu tu.

Ndugu mvuvi, najua risasi ya dukani ina bei. Lakini hata mawe huzamisha wavu.

Betri iliyokufa iache nzima. Iweke pakavu, juu, mtoto asipoifikia. Ukienda Tanga, mwulize muuza betri kama anapokea kuukuu. Maji makali yakimwingia mtoto jichoni, mwoshe papo hapo kwa maji safi mengi kwa dakika 20, kisha mpeleke zahanati. Na kama mtoto wako amekuwa akicheza mahali palipoyeyushwa betri, mpeleke pia, na mweleze mganga jambo hilo wazi, hata kama aliyeyeyusha ni wewe.