Kiwavi wa Mdimu

Juu ya majani ya mdimu huonekana viwavi wadogo wafananao na mavi ya ndege. Kwa hila hiyo ndege huwapita. Wakiisha kukua huwa kijani, na wakiguswa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali.

Atakaye kuwafuga huwatia katika kasha lililofunikwa chandarua, nyigu wadogo wasipate kutaga mayai miilini mwao, akawapa majani mabichi ya mdimu kila siku. Kiwavi akiisha kushiba hujifunga kijitini kwa uzi wake mwenyewe, akalala ndani ya ganda majuma mawili hivi.

Kipepeo akitoka, mabawa yake yamekunjamana tena yana majimaji. Hapo asiguswe, hata kwa huruma. Huning'inia mpaka mabawa yanyoke na kukauka. Akikosa nafasi ya kuning'inia hukauka yakiwa yamepinda, naye haruki kamwe.