Kabla hujalipia SUV ya umeme Migori au Homa Bay

Anza na stima ya nyumbani. Gari baadaye. Ukikaa Migori mjini, Awendo, Rongo, Homa Bay au Mbita, gari la umeme utalichajia kwako usiku, ukiwa umelala. Kama unaishi ploti ya kupanga, mita ni moja na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya laini ya ziada, ahirisha. Hakuna punguzo la shoruumu litakalokufidia shida ya kutafuta chaji kila wiki.

Una kwako? Vizuri. Muite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA aje aangalie nyaya. Soketi ya kawaida inatoa kilowati 2 na ushei. Betri ya uniti 60 ikiwa tupu itakaa humo zaidi ya siku nzima. Usitishike: usiku mmoja wa saa 10 unarudisha kama kilomita 100, na wengi wetu hatufikishi hizo kwa siku. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 inajaza betri hiyo usiku mmoja. Lakini inataka laini yake pekee, nyaya za milimita za mraba 6 au nene zaidi, swichi yake na ethi ya kweli. Soketi nyingi za nyumbani zimefungwa kwa nyaya za 2.5, na hizo hazikukusudiwa kazi ya usiku kucha.

Mwambie muuzaji aje na chaja ya kubeba. Chomeka kwako kwa saa moja, kisha gusa plagi kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikikufanya utoe mkono, zima na ubadilishe soketi. Ekstensheni usiiguse kabisa, hata ile nene uliyonunulia mashine ya kuchomelea.

Kabla ya kuchomeka, soma mita ya tokeni. Soma tena ukichomoa. Uniti zitakazotoka kwenye mita zitazidi zile ambazo gari litasema limepokea, kwa sababu nyingine hupotea njiani kama joto. Piga hesabu ya pesa kwa zile za mita. SUV ya kadiri hula uniti 16 hadi 20 kwa kilomita 100. Zidisha kwa bei unayolipa wewe, halafu linganisha na petroli unayotia sasa.

Ukiwa na biashara, au magari mawili matatu, pitia ofisi ya Kenya Power. Tangu 2023 kuna bei maalum ya kuchaji vyombo vya umeme, na saa za usiku inashuka kwa nusu. Uliza kama matumizi yako ya mwezi yanafikia kiwango chake, na kama utahitaji mita ya pili.

Sasa twende kwenye kilomita, maana hapa ndipo watu huuziwa ndoto. Namba iliyo kwenye bango imepimwa kwenye maabara. BYD Atto 3 ya betri ya uniti 60, kwa mfano, imeandikiwa kilomita 420 kwa kipimo cha WLTP. Wewe toa robo: watu watano, buti limejaa, AC inapuliza, vilima vya Kisii. Zinabaki 315. Kisha acha akiba ya asilimia 15. Umebaki na kama 270 za kutegemea.

Chukua hizo 270 uzipeleke barabarani. Homa Bay hadi Kisumu kupitia Kendu Bay na Katito, kwenda na kurudi, ni kilomita 200 na kitu. Unafika, na unarudi. Migori hadi Kisumu kupitia Kisii na Oyugis, kwenda na kurudi, unapita 300. Hapo lazima uchaji Kisumu, au ulale kwa shemeji mwenye soketi nzuri. Nairobi ni safari ya kupangwa: tafuta vituo kwenye ramani ya PlugShare, halafu piga simu kila kimoja siku moja kabla. Nukta kwenye ramani si chaja inayofanya kazi. Na usije ukachanganya vituo vya betri za boda, kama zile zinazochajiwa kwa jua na kampuni ya WeTu kule Mbita, ukadhani vitakusaidia. Vile ni vya pikipiki.

Sasa lijaribu. Mzunguko wa dakika 10 kuzunguka shoruumu haukuambii kitu. Omba siku nzima, hata kama ni ya kulipia. Njoo na familia yenyewe, si rafiki mmoja anayependa magari. Mweke nyanya kiti cha nyuma. Betri iko chini ya sakafu, kwa hiyo sakafu imeinuka, na katika SUV nyingine magoti ya mtu mzima yanapanda karibu na kifua. Kwa dakika tano hutalisikia hilo. Ukifika Oyugis nyanya atakuambia mwenyewe. Fungeni kiti cha mtoto pia, na mtie kwenye buti mzigo wa kweli: gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, begi za shule.

Hapo ndipo upime kimo cha chini, mzigo ukiwa ndani. Hiyo Atto 3 imeandikiwa milimita 175 ikiwa tupu; na watu watano inashuka. Tafuta tuta baya kwenye barabara ya Rongo, lile lililojengwa na wanakijiji wenyewe. Mwombe mtu asimame kando, achuchumae na kuangalia chini ya gari unapopita polepole. Kisha chukua murram, kipande cha kuelekea Nyatike au Ndhiwa. Likigusa chini hata mara moja, achana nalo. Unachokwaruza ni kasha la betri, na betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Maji ya mafuriko usiyajaribu. Mto Kuja ukimwagika Nyatike, gari la umeme linageuza kama mengine.

Kwa kilima, nenda Rongo hadi Kisii. Ukiondoka, sifurisha kipimo cha safari na uandike asilimia ya betri. Juu Kisii, andika tena. Usishtuke; kupanda kunakula. Rudi chini ukiwa umeweka breki ya kurudisha chaji kwenye nguvu ya juu, uone asilimia inavyojitahidi kupanda. Angalia pia kama abiria wanatapika. Wengine breki hiyo huwachafua tumbo, na si kila gari hukuruhusu kuipunguza. Betri ikiwa imejaa kabisa breki hiyo hudhoofika, kwa hiyo usianzie mteremko ukiwa na asilimia 100.

Muuzaji yuko Nairobi na hataki gari lije huku? Shuka nalo Mai Mahiu kutoka Limuru, kisha upande tena, mkiwa wote ndani. Mteremko ule unatosha.

Kwa mtumba, uliza kwanza lilikotoka. Lililotengenezewa soko la Japani, mfano Nissan Ariya, kwa kawaida lina tundu la CHAdeMO la chaji ya haraka na Type 1 la chaji ya kawaida, na skrini huenda ikawa Kijapani tupu. Lililotoka Uingereza kwa kawaida lina CCS2 na Type 2. Mimi ningechukua la Uingereza, hata likiwa ghali kidogo, kwa sababu chaja nyingi mpya zinajengwa kwa tundu hilo.

Omba afya ya betri kwa namba, iliyosomwa na mashine mbele yako. Chini ya asilimia 80, shusha bei sana au ondoka. Waranti ya betri mara nyingi ni miaka 8 au kilomita 160,000, lakini watengenezaji wengi huitoa kwa nchi gari lilikouzwa mara ya kwanza. Muuzaji akikuambia inafanya kazi Kenya, aandike. Ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme kamili ulishushwa mwaka 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10, kwa hiyo ajenti akikuletea hesabu, muulize mstari huo ameuweka asilimia ngapi leo na kwa nini.

Fungua sakafu ya buti uone kama kuna tairi la spea. Magari mengi ya umeme yana pampu na gundi tu, na gundi haizibi tairi lililochanika ubavuni kwa jiwe la murram. Nunua spea pamoja na gari, na uhakikishe saizi hiyo ya tairi inapatikana Kisii au Kisumu.

Kwa fundi wako wa kila siku, mambo mawili. Jeki iwekwe sehemu zilizotiwa alama tu, kamwe si chini ya kasha la betri. Na gari likikataa kuwaka kabisa, apime kwanza ile betri ndogo ya volti 12. Mara nyingi ni hiyo.

Mwisho, bima. Kabla ya kusaini, waulize kwa maandishi: kasha la betri likipasuka, mnalipa? Na breakdown inayokuja ni ya kubeba gari lote juu? La umeme halivutwi magurudumu yakizunguka chini. Wakijibu kwa simu tu, waambie watume barua.