NDUI ILIKWENDA WAPI? TUULIZE MAKTABA

Siku moja kwenye klabu ya afya Bunda, mwanafunzi wa Kidato cha Pili alisema: "Dada, ndui haijaisha bwana! Mdogo wangu kaumwa mwezi jana." Mwenzake akadakia: "Hiyo tetekuwanga!" Wa kwanza hakukubali: "Kama chanjo ilishindwa ndui, ya surua ya nini?"

Hapo nikaona huu si ubishi wa kupita. Mtu akikosa historia, anaweza kuacha chanjo. Basi, twende maktaba.

HATUA YA 1: Ijue rafu
Maktaba ya Mkoa iko Musoma mjini. Vitabu hupangwa kwa namba: 614 ni afya ya jamii, 616 magonjwa, 967.8 historia ya Tanzania. Vingi ni vya Kiingereza, kwa hiyo tafuta neno "smallpox". Usianze ukurasa wa kwanza. Anza na faharasa, kule mwishoni. Ukikwama, muulize mkutubi.

HATUA YA 2: Andika mwaka na mahali
Kitabu kikubwa cha Shirika la Afya Duniani (WHO), Smallpox and its Eradication (1988), kinapatikana bure kwenye intaneti. Ukikisoma utapata haya:
- 1967: WHO yaanza kampeni kali ya kuitokomeza ndui.
- Oktoba 1977: mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia.
- 8 Mei 1980: WHO yatangaza kuwa ndui imetokomezwa.

Iliwezekanaje? Ndui iliishi kwa binadamu tu, haikuwa na mnyama wa kujifichia. Kila mgonjwa alitafutwa, na waliokuwa karibu naye wakachanjwa.

Maalin alifanya kazi hospitali lakini aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona. Baadaye alihamasisha wazazi wachanje watoto dhidi ya polio, mpaka alipofariki 2013.

HATUA YA 3: Linganisha na wazee
Ukienda kwa bibi Butiama, mpe shikamoo yake kwanza. Usimuulize mwaka, uliza tukio: "Ni kabla ya Uhuru (1961)? Baada ya Azimio la Arusha (1967)? Au wakati wa Vita vya Kagera (1978)?" Akisema aliugua ndui wakati wa vita hivyo, usimbishie. Andika, kisha rudi kwenye tarehe zako. Yaelekea ilikuwa tetekuwanga.

Angalia pia: kovu begani si ushahidi tosha. Bibi anaweza kuwa na kovu la chanjo ya ndui. Lako wewe ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu.

Yule mwanafunzi alipopanga tarehe zake alicheka mwenyewe: "Kumbe chanjo ilishinda!"

ZOEZI
1. Kwa nini mdogo wake hakuweza kuwa na ndui?
2. Muulize mzee mmoja kuhusu ndui. Maktaba inakubaliana naye wapi, na wanatofautiana wapi?