Vijana wetu wana vijiwe, hawana wa kuwasikiliza



Ndugu msomaji, tembea Mtwara mjini jioni yoyote, kuanzia Magomeni hadi Chikongola, kisha shuka mpaka Mikindani. Utawakuta vijana wamekaa makundi makundi: hawa juu ya bodaboda wakingoja abiria, wale pwani wakingoja mashua, wengine chini ya mkorosho na bao lao. Mzee akipita husema, "Hawa hawana kazi." Lakini swali la kujiuliza si kwa nini wamekaa, bali wanazungumza nini.

Watazungumza mpira, simu na siasa. Kinachowauma ndani hawakisemi. Sisi tunaofundisha somo la dini shuleni tunalijua hili vizuri. Maswali mazito hayaulizwi darasani, huulizwa mlangoni, kipindi kikishakwisha, tena kwa sauti ya chini: "Ustadhi, mtu asiyelala usiku afanyeje?" Huyo "mtu" mara nyingi ni muulizaji mwenyewe.

Mizigo waliyoibeba

Kijana wa pwani hii amepitia mengi. Amekulia katika matumaini ya gesi ya Mnazi Bay, na mwaka 2013 akashuhudia vurugu za kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, vurugu zilizogharimu maisha ya watu. Riziki yake ni ya msimu: korosho zikiuzwa ana fedha, msimu ukiisha anarudi kuomba nauli nyumbani. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilikata ndoa, biashara na udugu wa watu waliokuwa wakivuka mto kama wanaovuka barabara. Oktoba 2020 vita hivyo vikavuka vyenyewe, kijiji cha Kitaya kikashambuliwa, watu wakauawa na nyumba zikachomwa.

Aliyeona hayo akiwa na miaka kumi na miwili sasa ni kijana. Nani amemuuliza tangu siku ile anaendeleaje? Tusisahau kuwa anayetaka kumpotosha kijana, awe muuza unga au mshawishi wa vita, mara nyingi huanza kwa kumsikiliza. Tusipokaa naye sisi, wapo watakaokaa naye.

Huzuni si upungufu wa imani

Wapo wanaodhani kijana mwenye msongo wa mawazo dawa yake ni kuambiwa azidishe swala, basi. Swala ni nguzo na hakuna mbadala wake. Lakini Qur'an katika Sura Yusuf inatusimulia kuwa Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, na hakuna aliyethubutu kusema imani yake ilipungua. Na Nabii Musa (a.s.), kama ilivyo katika Sura Taha, alipopewa kazi nzito alimuomba Mola wake ampe nduguye Harun amtie nguvu. Mtume huyo hakuona aibu kuomba mwenzake.

Aidha, Imam Bukhari amepokea kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.), ambao Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha kwa undugu. Salman alimtembelea mwenzake akaona mambo nyumbani hayako sawa: mke amejiacha, mume anafunga mchana na kusimama usiku kucha. Hakumhutubia. Alikataa kula mpaka wale pamoja, akamwambia alale, na mwisho wa usiku wakaamka wakaswali wote wawili. Ndipo akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki. Mtume (s.a.w.) aliposimuliwa alimsadikisha Salman. Hapo tunajifunza kuwa mtu wa rika lako aliyekuzoea huona yale ambayo mhubiri wa mimbarini hayaoni.

Kikundi bila mwongozaji

Watu wa Kusini hawahitaji kufundishwa na mgeni kwamba vijana hufunzwa kwa rika. Jando na unyago vimejengwa juu ya msingi huo: rika moja, mahali pamoja, na mkubwa wa kuwaongoza. Tatizo ni kuwa siku hizi wengi hupelekwa jandoni wakiwa wadogo mno. Wakifika miaka kumi na minane, mambo yanapokuwa mazito kweli, hakuna tena wa kukaa nao. Kijiwe kimebaki, kungwi hayupo.

Tunao mfano hapa hapa nchini. Mjini Moshi kulianzishwa mpango uitwao Sauti ya Vijana, kwa ajili ya vijana wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Wanaoongoza vikao si madaktari, bali vijana wenzao waliopewa mafunzo na wanaosimamiwa na wataalamu. Vikao vya kikundi ni kumi, vingine wazazi na walezi hushirikishwa, na kila kijana hupata pia nafasi ya kuzungumza peke yake. Hivyo siyo porojo za kijiweni. Kila kikao kina jambo lake.

Lakini tusidanganyike kuwa kila kikundi kinatibu. Dar es Salaam ulifanyika utafiti katika kambi 60 za vijana wa kiume. Kwenye baadhi ya kambi hizo viongozi wa rika walipewa mafunzo ya afya na wanakambi wakapewa mikopo midogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonesha kuwa maambukizi ya magonjwa ya zinaa wala ukatili kwa wanawake vilipungua kuliko kambi nyingine. Kwa hiyo kuteua kiongozi na kugawa fedha hakutoshi.

Tufanyeje?

Kwanza, kila msikiti uanze na kikundi kimoja cha vijana wanane hadi kumi na wawili wa rika moja, wakutane mara moja kwa wiki, siku na saa isiyobadilika. Wasichana wawe na kikao chao na mwongozaji mwanamke.

Pili, waongozaji wawe wawili, waliowazidi umri kidogo. Si lazima wawe masheikh. Wawe wanaojua kunyamaza. Kijana alipomwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kuzini, waliokuwepo walimkemea. Mtume (s.a.w.) alimsogeza karibu, akamuuliza maswali, kisha akamuombea dua. Kisa hicho, alichokipokea Imam Ahmad, kinatosha kuwa somo la kwanza la mwongozaji.

Tatu, kikao ni amana. Yaliyosemwa yasitoke nje, asisengenywe mtu, wala asilazimishwe mtu kusema. Ila tangu siku ya kwanza waambiwe wazi kuwa amana hii ina mpaka: anayetaja kujiua, au anayefanyiwa ukatili, hataachwa peke yake. Mwongozaji atamsindikiza hospitali ya Ligula au kwa afisa ustawi wa jamii. Aliye chini ya miaka 18 anaweza pia kusaidiwa kwa kupiga simu 116 bila malipo.

Nne, wazee wa msikiti watoe chumba na mkeka, kisha wasikae humo. Kijana hatamtaja baba yake mbele ya rafiki wa baba yake.

Ndugu zangu Waislamu, misikiti tunayo, mikeka tunayo, na vijana tayari wamekaa wanasubiri. Gharama kubwa ni saa moja na nusu kwa wiki ya mtu mzima aliye tayari kusikiliza bila kukatiza. Kamati ya msikiti ikikutana baada ya swala ya Ijumaa ijayo, ajenda ya kwanza iwe hii: katika mtaa wetu, ni nani vijana watamwambia ukweli? Akitajwa jina, huyo ndiye mwongozaji. Asipopatikana hata mmoja, tujue tumechelewa, na tuanze kumtafuta jioni hiyo hiyo.

Wabillahi Tawfiq.