Kabla ya Kusema "Ndivyo Alivyo"

Wanaoanza masomo ya saikolojia chuoni hufundishwa jaribio la Edward Jones na Victor Harris wa Marekani, lililochapishwa mwaka wa 1967. Wanafunzi walisomeshwa insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro, mtawala wa Kuba wakati huo. Hata walipoambiwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kuandikia, bado walielekea kudhani ameandika yaliyo moyoni mwake. Mwaka wa 1977 Lee Ross alilipa jina kosa hili la kutazama tabia ya mtu na kusahau hali inayomzunguka.

Nyumbani kosa hili halina likizo. Baba akichelewa, mama husema, "Huyu hatujali." Mama akinyamaza mezani, baba husema, "Ana kiburi." Kumbe matatu iliharibika njiani, kumbe mtoto alilia usiku kucha. Maneno kama hayo yakirudiwa miaka kumi huwa ukuta. Basi ulizaneni kwanza: "Leo umeshindaje?" Kisha sikilizeni jibu mpaka mwisho.

Lakini tusidanganyane. Anayerudi amelewa kila Jumamosi asisingizie matatu.