Machozi Yaliyochekwa: Somo la Ufahamu Juu ya Ushabiki na Video za Mtandaoni

Walimu wa Kiswahili tumezoea kuchota vifungu vya ufahamu kutoka vitabuni. Lakini mwanafunzi wa leo husoma kidogo na kutazama sana. Hata pale ambapo simu hairuhusiwi shuleni, video fupi huzipata jioni katika simu ya kaka au ya mjomba, akazitazama, akacheka, akazipeleka kwa wenzake. Twaamini kwamba yampasa mwalimu kumfundisha kuzitazama kama anavyomfundisha kusoma. Makala haya yaeleza somo moja tulilolijaribu na wanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika mikondo miwili ya Kidato cha Pili. Katika mkondo wa kwanza tulishindwa, na kushindwa huko ndiko kulikotufunza mbinu.

Tulichagua kisa cha Marekani, makusudi, ili wanafunzi wasiwe na upande wa kutetea. Tarehe 9 Septemba 2007 mwimbaji Britney Spears alitumbuiza jijini Las Vegas, katika sherehe ya tuzo za video za muziki za televisheni ya MTV. Alicheza kwa uzito na bila uchangamfu aliojulikana nao. Magazeti na televisheni zilimkejeli, tena si kwa uchezaji wake tu bali hata kwa umbo la mwili wake. Mwaka huohuo alikuwa amepata talaka, tena akiandamwa na wapiga picha kila alikokwenda. Kesho yake, tarehe 10, shabiki mmoja wa miaka 19 kutoka jimbo la Tennessee, aliyejulikana wakati ule kwa jina la Chris Crocker na ambaye leo huitwa Cara Cunningham, alijipiga video akilia na kupaza sauti kwamba Britney aachwe. Akaiweka YouTube, mtandao uliokuwa umeanzishwa mwaka 2005 tu. Kabla siku haijaisha ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 2.

Wengi waliitazama ili wacheke. Walicheka macho yaliyopakwa wanja na sauti ya kilio; wengine wakatengeneza video za kumwiga. Cunningham ameeleza baadaye jinsi matusi na vitisho vilivyofuata.

Katika mkondo wa kwanza mwanachuo wetu alianza kwa kuonyesha video yenyewe katika kompyuta ndogo. Andalio lake la somo lilikuwa zuri: tazama, jadili, andika. Darasa likaangua kicheko, na kicheko hicho hakikuzimika tena. Wavulana wawili wa nyuma waliigiza kilio mpaka kengele ikalia. Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma ya darasa tulimwona mwanafunzi mmoja akitoka nje, wala hakurudi. Jioni mwalimu wa darasa alitueleza sababu. Wiki iliyotangulia kijana huyo alilia hadharani timu yake ilipofungwa, mwenziwe akampiga video, na ikazunguka kijiji kizima. Hatukuwa tumeuliza. Tulimfundishia kijana aibu yake mwenyewe, mbele ya walewale walioieneza.

Tulipochunguza madaftari ya mkondo ule tuliona jambo la pili. Katika wanafunzi 43, hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kutaja hoja moja ya yule aliyekuwa akilia. Na hoja zilikuwepo: alitaja talaka, kufiwa na jamaa, na watoto wadogo wawili wa mwimbaji huyo. Walikuwa wametazama bila kusikia. Kwa mwalimu wa ufahamu, hiyo ni alama sifuri.

Kwa mkondo wa pili tulibadili mpangilio wote. Kwanza tulizungumza na mwalimu wa darasa kuhusu watoto wake. Kisha kompyuta tukaiacha ofisini. (Wale wanaofundisha mahali pasipo na umeme wasihuzunike, somo hili lafaa zaidi bila mashine.) Wanafunzi walianza kwa kuandika, kimya, aya moja juu ya mtu, timu au kikundi cha muziki wanachokipenda hata watu wakawashangaa. Hakuna aliyelazimishwa kusoma alichoandika.

Baada ya hapo tulieleza wazo moja tu la wataalamu. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl wa Marekani waliandika juu ya watazamaji wa televisheni wanaojiona kuwa marafiki wa mtangazaji. Yeye huwatazama machoni na kusema nao kama jirani, wakamjua kwa undani, ilhali yeye hawajui. Ni udugu wa upande mmoja. Wanafunzi walilishika wazo hili upesi kuliko wanachuo wetu. Msichana mmoja alisema ni kama kumwamkia mtu aliye ndani ya basi linalopita.

Ndipo tulipokisimulia kisa kwa kufuata tarehe, tukitua kila mara na kuuliza: kufikia siku hii, nani anajua nini? Tuliisimulia video kwa maneno, tukianza na hoja na kumalizia na machozi. Tulitua Septemba 2007, darasa likasema shabiki amepita kiasi. Tukaendelea hadi Februari 2008, mahakama ya California ilipoyaweka maisha na mali ya Britney chini ya usimamizi wa watu wengine, baba yake akiwa mmojawapo. Tukafika Juni 2021, alipoiambia mahakama mwenyewe jinsi usimamizi ule ulivyomtesa, na Novemba 12, 2021, ulipoondolewa. Darasa likageuka lote: kumbe shabiki alikuwa na haki!

Hapa pana mtego, na twakiri kwamba nasi tulikuwa tumeingia nusu. Ni rahisi mwalimu kufunga somo kwa kishindo hicho. Lakini tulikuwa na tarehe moja zaidi. Januari 2023 mashabiki, walipoona Britney ameondoa ukurasa wake wa Instagram, waliwapigia polisi simu waende nyumbani kwake kumtazama. Yeye akatoa tamko kwamba wamevuka mpaka na kuingilia faragha yake. Upendo uleule, kazi tofauti. Darasa likanyamaza, kisha ubishi ukaanza. Mvulana mmoja alisema waliopiga simu walikuwa na hofu ya kweli, maana waliwahi kupuuzwa. Mwingine akamjibu kwamba hofu yako si ufunguo wa mlango wa mwenzio.

Swali lililotushinda liliulizwa dakika za mwisho na msichana wa dawati la mbele. Aliuliza: kama Britney angekuwa hana shida yoyote mwaka ule, je, ingekuwa halali kumcheka aliyelia? Mwanachuo wetu alitutazama. Hatukumjibu kwa niaba yake, naye kwa busara alilirudisha swali darasani. Kengele ililia wanafunzi kumi wakiwa wamenyoosha mikono, na somo likaendelea kipindi kilichofuata bila andalio lolote.

Twashauri vipindi viwili mfululizo, dakika 80, kwani kutua katika kila tarehe hula muda na hakufai kuharakishwa. Video ikionyeshwa, ionyeshwe mwisho. Zile aya za mwanzo hatukuzisahihisha wala kuzipa alama. Tulizirudisha mikononi mwa wenyewe zikiwa zimekunjwa, kama tulivyozipokea.