"Nenda Zako" au "Waweza Kwenda"? Jiko la Gesi Lilivyonifundisha Kusoma Wimbo wa Kuachana

Jiko la gesi la plati mbili lilirudi kwa mwenyewe Jumamosi saa tatu asubuhi, limefungwa kamba nyuma ya bajaji, mtungi ukiwa umebanwa miguuni mwa dereva. Lilirudi kwa sababu yangu.

Binamu yangu yuko Mwanza, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa lao. Aliyemnunulia jiko ni mpiga besi wa kwaya hiyo hiyo. Walikuwa wamenuniana wiki tatu kwa jambo ambalo mpaka leo kila mmoja analisimulia kivyake, na katikati ya kununiana huko kijana akaweka stetasi: kipande cha "Go Your Own Way" cha Fleetwood Mac, sekunde 30, bila maelezo. Binamu akanirushia ujumbe wa sauti: "Kaka, wewe ndiye mtu wa magitaa ya Wazungu. Huyu ananiambia nini?" Mimi nilikuwa nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja bombani, mwingine kwenye simu. Nikaandika upesi: "Anakwambia nenda zako."

Kesho yake jiko likapanda bajaji. Keshokutwa nikapigiwa simu na mpiga besi. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Shem, ule wimbo nilikuwa namwomba."

Sikuwa na jibu. Wimbo ule nausikiliza tangu kidato cha pili, kwenye kaseti ya baba mdogo ambayo redio ilikuwa imeshautafuna upande mmoja. Najua gitaa linapoingia, najua dramu inapokatika. Lakini kuusoma, sikuwahi. Miaka yote nilikuwa nautingishia kichwa.

Basi nikakaa nao wiki nzima na daftari. Nitawapa hatua tano za kusoma wimbo wa roki wa kuachana, ili jiko la mtu mwingine lisirudi kwa makosa.

Hatua ya kwanza, pata maneno sahihi. Sina mengi hapa, kila mtu anajua kutafuta mashairi mtandaoni. Jihadhari tu kwamba tovuti hizo hunakiliana makosa: nilifungua tatu, zote zimekosea neno lile lile mahali pale pale, kama wanafunzi waliokaa dawati moja siku ya mtihani. Dawa ni masikio, na masikio yanataka hedifoni nzima. Sasa niwaambie kuhusu hedifoni. Jamaa mmoja wa Kariakoo aliniuzia zenye jina kubwa kwenye boksi, shilingi 40,000 baada ya kubembelezana. Siku ya nne nikagundua upande wa kushoto hausemi. Nikarudi. Akazigeuza mkononi kama daktari, akaniambia nimezilalia. Nimezilalia! Yaani siku nne nilikuwa nasikiliza nusu ya bendi, huku nikiandika kwenye daftari kwa ujasiri kwamba "waitikiaji wamefifia makusudi, kuonyesha upweke." Hakuna upweke wowote, ni waya uliokatika. Sasa natumia Sony za mtumba, za waya, 15,000, sponji limemenyeka lakini pande zote mbili zinasema. Wenye kusikia na wasikie.

Na ni hizo Sony zilizonionyesha jambo nililolipita miaka yote: nyuma ya Lindsey Buckingham, anayeuimba wimbo huo, kwenye kiitikio kuna sauti ya mwanamke. Ni Stevie Nicks. Yaani yule yule anayeimbwa.

Hatua ya pili ndiyo hiyo basi: jua nani anamwimbia nani. Mashabiki wa taarabu hawahitaji somo hili. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana mipasho, aliyeingia ukumbini bila kujua ugomvi ulipofikia alikuwa anasikia nusu ya wimbo. Wazungu nao wana mipasho, ila hawaiiti hivyo. Mwaka 1976 Fleetwood Mac waliingia studio ya Record Plant, mji wa Sausalito, California, kurekodi albamu iliyotoka Februari 1977 kwa jina la Rumours, yaani uvumi. Buckingham mpiga gitaa na Nicks mwimbaji, wapenzi wa miaka mingi, walikuwa wanaachana. John McVie mpiga besi na mkewe Christine mpiga kinanda walikuwa wanaachana. Mick Fleetwood wa dramu, ndoa yake nayo ilikuwa inabomoka nyumbani. Watu watano, chumba kimoja, na kila mmoja ana jambo la kusema. Albamu hiyo imeuza nakala zaidi ya milioni 40 duniani, na siku nyingine nadhani wanunuzi wote tulikuwa majirani tuliotega sikio ukutani.

Kwenye mpasho wetu, anayepigwa yuko jukwaa la pili, na atajibu wiki ijayo akiwa na khanga mpya. Kwa hawa, anayepigwa anaitikia. Kuna mstari mmoja katika "Go Your Own Way" unaodokeza kwamba mwanamke alikuwa na hamu ya wanaume wengine. Nicks amesema mara nyingi kwamba si kweli, kwamba uliuma, kwamba alimwomba Buckingham autoe. Hakuutoa. Kwa hiyo kila onyesho, miaka nenda miaka rudi, alisimama hatua chache kutoka kwake akiitikia shutuma dhidi yake mwenyewe, kwa sauti tamu.

Yupo pia aliyepigwa asijue. Christine aliandika "Don't Stop" akimfikiria mumewe wakati wanaachana, kumtia moyo aangalie mbele. John McVie alikuja kusimulia baadaye kwamba aliupiga wimbo huo miaka na miaka kabla ya kuambiwa na mtu kwamba unamhusu. Mpiga besi! Nilipofika hapo ikabidi niliweke daftari chini, nikamfikiria shem na jiko lake.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonigharimu, kwa hiyo nisikilizeni. Tafsiri vitenzi. Usitafsiri wimbo mzima, utapoteza siku na utatoka na shairi baya. Chukua vitenzi peke yake, uviandike kwa Kiswahili na viambishi vyake vyote, nafsi na wakati, bila kuruka hata kimoja. Kiingereza kina tabia ya kuficha mambo kwenye vitenzi vidogo vinavyofanana, unavisikia kama kokoto njiani. Kiswahili hakikuruhusu kuficha. Kabla hujaandika mzizi, lazima uamue: ni -li- au -me-? Ni -nge- au -ngali-? Hapo ndipo wimbo unapobanwa useme ukweli.

Anza na jina lenyewe. Nilipomwambia binamu "nenda zako" nilidhani nimetafsiri neno kwa neno. Hiyo "zako" yetu kwa asili ni njia zako, lakini njia imeshamezwa na hasira. Ukimwambia mtu "nenda zako" hakuna anayefikiria njia, anafikiria mlango. Tena, kwenye kiitikio maneno ya jina la wimbo hayaji peke yake. Mbele yake kuna kitenzi kidogo cha kuweza. Nilikiruka kwenye daladala kama abiria anavyoruka dimbwi. Ukikirudisha, amri inageuka ruhusa: waweza kwenda. Na ruhusa, jamani, ni maneno ya mtu ambaye bado ameshika kitasa. Anayekufukuza hakupi ruhusa.

Kisha nikarudi kwenye beti, na humo kuna mahali mwimbaji anataja alichokuwa tayari kumpa mpenzi wake, ila ameweka sharti. Hapo nikakwama siku mbili. Ningeweza, au ningaliweza? Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari alitupigia kelele mwaka mzima juu ya tofauti hiyo: -nge- mlango umeegeshwa, -ngali- mlango umefungwa na ufunguo umetupwa ziwani. Mitaani tunazichanganya, najua, nami nazichanganya. Lakini kwa kalamu mkononi ilinibidi nichague moja, nikajikuta nauliza maswali ambayo sikuwahi kumuuliza Buckingham kwa miaka ishirini na zaidi. Hali anayoitaja imeshapita? Hapana, anaisema kwa wakati wa sasa. Mwanamke ameshakataa kabisa? Anasema hapokei, hasemi hakupokea. Nikaandika -nge-. Nikapigia mstari mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Kwa hiyo wimbo ninaoujua kama wimbo wa hasira una -nge- katikati yake, na mwanaume mzima anayeuliza abadilishe vipi anavyojisikia. Mpiga besi wa Mwanza, asiyejua Kiingereza kunizidi, aliisikia hiyo -nge-. Mimi mtaalamu nilisikia gitaa.

Ukitaka kuona ujanja huu ulivyo na nguvu, ujaribu kwenye jibu. Nicks aliandika "Dreams" kwenye albamu hiyo hiyo, kwenye chumba kingine cha studio ile ile, kwa dakika kama 10 kwa simulizi yake mwenyewe. Wimbo huo ndio uliowapa namba moja ya Marekani mwaka 1977, namba moja yao pekee huko. Ukiusikia ni mpole, unalala nao usingizi. Tafsiri vitenzi. Kile kiitikio kinachosema radi huja penye mvua tu kinaanza kwenye hu-, kiambishi cha methali. Haba na haba hujaza: mambo yalivyo siku zote, hakuna wa kubisha. Kisha anahamia -ta-: utajua. Hana -nge- mahali hapo. Buckingham anabembeleza na kushutumu kwa pumzi moja, wakati huyu anaongea kama bibi anayechambua mchele, bila kuinua macho, akikwambia yatakayokupata. Kati ya nyimbo hizo mbili, ule mpole ndio ulionitisha.

(Shangazi yangu wa Bukoba nilipomweleza habari ya radi na mvua alikataa kabisa. Kwao Kagera, anasema, radi huja na mvua, huja bila mvua, huja inavyotaka. Nikamwambia mwimbaji hakuwahi kufika Bukoba. Akasema basi asiseme hu-.)

Na panapogoma kutafsirika, hapo chimba. Kwenye "Dreams" kuna neno la Kiingereza la mchezaji, na kwa Kiingereza mtu "hucheza" gitaa kama anavyochezea moyo wa mtu. Kitenzi ni kimoja. Nilihangaika nalo nusu siku. Sisi gitaa tunapiga, mapenzi tunachezea, na hakuna daraja kati ya viwili hivyo. Ndipo nikaelewa alichomfanyia yule bwana: kamwita laghai wa mapenzi na mwanamuziki kwa neno moja, halafu kampa wimbo aupigie gitaa. Naye akapiga, na akapiga vizuri mno. Kama neno lile lingetafsirika kirahisi ningelipita mbio.

Hatua ya nne ilikuwa juu ya kusikiliza vyombo vinapopingana na maneno. Nimeshaieleza bila kujua: gitaa linasema nenda, kitenzi kinasema waweza, nami nikalisadiki gitaa. Ya tano niliiandika nyuma ya risiti ya hedifoni, na risiti nilimwachia yule jamaa wa Kariakoo.

Jumapili nikampigia binamu. Nikamweleza yote, kuanzia Sausalito mpaka -nge-. Alikuwa kimya muda mrefu hadi nikadhani salio limekatika.

"Kaka, kwa hiyo si -ngali-?"

"Si -ngali-."

"Una uhakika safari hii? Maana nimepikia mkaa wiki mbili."

Nikamwambia nina uhakika wa wimbo, wa kijana sina. Akasema jiko halifuati yeye, aliyelipokea alilete. Likaletwa. Sijui waliongea nini, na sikuuliza, nimejifunza. Najua tu kwamba mazoezi ya kwaya ya Alhamisi wote walihudhuria, na mtungi ulirudi umejazwa.

Ningeishia hapo kama si juzi usiku. Binamu, ambaye sasa ameanza kunitangulia, kaweka stetasi ya "Silver Springs". Huo ni wimbo mwingine wa Nicks wa enzi ile, jina kalitoa kwenye kibao cha barabarani huko Maryland. Uliachwa nje ya Rumours, akaumia sana, ukawekwa upande wa pili wa santuri ya, nisikilizeni vizuri, "Go Your Own Way". Mwaka 1997 waliporekodi onyesho la The Dance, alimgeukia Buckingham jukwaani, akamwimbia mwisho wa wimbo huo uso kwa uso, na yule bwana anapiga gitaa, hana pa kwenda.

Saa tano kasoro usiku simu ikaita. "Shem," mpiga besi akasema kwa sauti ya chini, "na huu unasemaje?"

Nilikuwa nimeshafungua daftari. Kuna -nge- nyingi humo, na kuna -ta- moja ya kukanusha ambayo sikuipenda hata kidogo. Nimemwambia anipe wiki nzima, na asirudishe kitu chochote kwa mtu yeyote.